Jua la Tanga Halifiki Kwenye Sampu

"Tanga kuna joto, weka hamsini." Ushauri huu hutolewa kila siku kwenye gereji za Mabawa, Makorora na Ngamiani, na wanaoutoa wana nia njema. Mwenye IST anawekewa 20W-50. Mwenye Noah naye 20W-50. Fuso inayokwenda kupakia machungwa Muheza inawekewa hiyo, na bodaboda mwenye Boxer anapewa namba hiyohiyo. Kati ya hao wanne, bodaboda ndiye ambaye kitabu cha chombo chake kinakubaliana na fundi bila mjadala. Wengine wamechaguliwa oili na jua, na jua lina sauti ndogo sana katika jambo hili.

Injini ya gari dogo ndiyo mtaji wa familia nyingi za huku kwetu. Ikifa, kinachofuata ni mkopo, au gari kukaa juu ya matofali mpaka litakapopata mnunuzi wa vyuma. Ndiyo maana maneno yanayosemwa gereji kuhusu oili yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine, bila dharau. Karibu kila moja lina chembe ya ukweli ndani yake, na ni chembe hiyo inayoyafanya yaaminike.

"Joto la nje linaifanya oili nyepesi kuwa maji"

Tuanze na vipimo. Mchana wa Februari au Machi, Tanga hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Alfajiri ya Julai hushuka hadi karibu 20. Kwa hiyo kati ya saa kali kabisa na saa poa kabisa ya mwaka wetu pana tofauti ya nyuzi 13 hivi. Sasa ingia ndani ya injini. Gari linalopozwa kwa maji lina themostati, kifaa kidogo kinachobaki kimefunga njia mpaka maji yafike kati ya nyuzi 80 na 90, kisha kinafunguka kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lilelile, iwe Mabawa au Sapporo. Gari likiwa safarini, oili iliyoko kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huwa kati ya nyuzi 90 na 110. Kwenye metali za krenki inapanda zaidi ya hapo, na karibu na ringi ya juu ya pistoni joto hupita 200. Huko ndiko oili inakofanyia kazi, na nyuzi chache za jua la Machi hazibadilishi mengi huko.

Wanaosema oili nyepesi zilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Japani wasahau kidogo theluji ya Hokkaido na waitazame Tokyo ya Agosti, ambako nyuzi 35 si habari mpya. Tarehe 23 Julai 2018 mji wa Kumagaya, kaskazini-magharibi mwa Tokyo, ulipimwa nyuzi 41.1. Joto hilo Tanga hatulijui. Vitz na IST zilikaa kwenye foleni za huko na oili zao nyepesi, viyoyozi vikiwa vimewashwa, kabla hazijapakiwa melini kuja kwetu.

Chembe ya ukweli ni hii: hewa ya moto huipunguzia rejeta uwezo wa kupoza, na sampu yenyewe haina themostati, kwa hiyo oili hupanda joto kidogo kuliko ambavyo ingepanda mahali pa baridi. Lakini pima ukubwa wa jambo. Oili ikiwa karibu na nyuzi 100, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huupunguza mnato wake kwa kama moja ya tano. Maana yake, kupanda daraja moja, kutoka 30 kwenda 40, kunafidia nyongeza ya nyuzi 10 hadi 15 za joto la oili yenyewe. Mwenye sababu ya kuamini kwamba oili yake inapata moto kiasi hicho zaidi ya kawaida, daraja moja linamtosha. Kuirusha injini kutoka 20 hadi 50 kwa sababu ya jua ni kuitibu ugonjwa isiokuwa nao.

"Faivu dabliu ni ya nchi za baridi"

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa, na kosa si la fundi. Namba kwenye chupa zimepangwa kwa namna isiyojieleza. Zinatoka kwenye kanuni iitwayo J300 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanza mwaka 1905, na zinaeleza mambo mawili tofauti kabisa.

Namba yenye W inahusu baridi tu. Oili ya 5W lazima iruhusu injini kuzunguka ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W ikiwa 25 chini ya sifuri, 15W ikiwa 20 chini, na 20W ikiwa 15 chini. Hakuna gari litakalolala kwenye baridi hiyo kuanzia Raskazone hadi Lushoto. Namba ya pili ndiyo inayohusu injini iliyokwisha kupata moto, na hupimwa oili ikiwa nyuzi 100. Daraja la 30 ni kuanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini ya 12.5. Daraja la 40 linaanzia hapo hadi chini ya 16.3, na la 50 hadi chini ya 21.9. Basi 5W-30 na 10W-30, injini ikiwa ya moto, ziko kwenye daraja moja. Na 5W-40, ambayo wengi wataiita maji kwa sababu ya ile tano, ni nzito kuliko 10W-30 pale inapohitajika kuwa nzito.

Iko pia hatua ambayo watu wengi hawaisikii. Kanuni hiyohiyo inaipima oili ikiwa nyuzi 150, ikisagwa kwa kasi kama inavyosagwa kati ya metali na krenki. Katika kipimo hicho daraja la 30 halitakiwi kushuka chini ya sentipoizi 2.9. Kiwango cha chini cha 15W-40 ni 3.7, na cha 20W-50 ni 3.7 vilevile. Anayedhani 20W-50 imewekewa sharti gumu zaidi la kulinda metali kuliko 15W-40 aitazame namba hiyo.

Sasa fikiria alfajiri, gari limelala nje, nyuzi 25. Oili ya 5W-30, ambayo ikiwa ya moto huwa na sentistoki 10 au 11, saa hiyo ina zaidi ya mara kumi ya mnato huo. Hata 0W-20 inayoogopwa hivyo huwa nzito karibu mara kumi kuliko inavyokuwa ikipata moto. Na 20W-50 saa hiyohiyo ni nzito karibu mara tatu kuliko 5W-30. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna oili iliyo nyepesi kupita kiasi asubuhi. Kila injini inaamka na oili nzito mno, na iliyo nzito zaidi inachelewa zaidi kufika juu kwenye kemshafti. Sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea wakati huo wa kuwashwa na kupata moto, hasa kwa gari linalozimwa na kuwashwa mara kumi kwa siku kati ya Mabawa, soko la Ngamiani na Chumbageni.

Nao wauzaji wanaosema lazima 0W kwa kuwa ndiyo ya kisasa wajibiwe pia. Kwa pwani yetu tofauti ya 5W-30 na 10W-30 ni ndogo, na mimi nikipewa zote mbili za kiwango kimoja nachukua 10W-30 bila wasiwasi. Jinsi pengo kati ya namba mbili linavyokuwa pana, ndivyo oili ya kawaida inavyohitaji polima nyingi za kuushikilia mnato wake, na polima hizo hukatikakatika zinaposagwa. Baridi ambayo hatuna haina sababu ya kulipiwa.

"Tangu zamani tunatumia hamsini na magari yalidumu"

Yalidumu, ni kweli. Peugeot 404 na 504, Land Rover na Datsun zilizojenga sifa ya mafundi wa pwani zilikuwa injini za wakati ambao 20W-50 ilikuwa oili nzuri kabisa. Uingereza, katika miaka ya 1960, kampuni ya Duckhams ilijipatia jina kwa 20W-50 yake wakati Mini iko barabarani, gari ambalo giaboksi yake ilikuwa ndani ya sampu ikioga oili ileile ya injini. Meno ya gia yalikuwa yakiisaga oili, na oili nzito ilikuwa na kitu cha kupoteza. Hoja ya mafundi wa zamani ilikuwa na msingi. Kilichobadilika ni injini.

Chukua 1NZ-FE, injini iliyomo kwenye IST, Raum, Probox na baadhi ya Vitz. Ina mfumo wa VVT-i, ambao huizungusha kemshafti mbele na nyuma kwa nguvu ya oili yenyewe, kupitia valvu yenye njia nyembamba na kichujio kidogo cha waya. Oili hapo ina kazi mbili: kulainisha, na kusukuma. Oili nzito ikiwa bado haijapata moto inausukuma mfumo huo kwa kuchelewa, na oili chafu inaziba kichujio. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na mashine ya kupimia ikataja taimingi ya kemshafti, kabla ya kununua valvu mpya ulizia kwanza ni oili gani iliyomo na ina muda gani.

Mtu anaweza kusema oili nyepesi zimesukumwa na sheria za kubana mafuta huko Marekani na Japani, wala si kwa ajili ya kulinda injini. Hoja hii naiheshimu. Ni kweli kwamba 0W-20 ilienea kwa sababu ya sheria hizo, na ni kweli kwamba Toyota ileile, katika vitabu vya magari yanayouzwa nchi za joto, huruhusu hadi 15W-40 kwa injini ambazo kwingine zinaagizwa 0W-20. Lakini soma sababu inayotolewa humo. Kitabu kinasema oili yenye namba kubwa zaidi inaweza kufaa kwa gari linalokwenda kasi sana au linalobeba mzigo mzito kupita kawaida. Kinachotajwa ni kazi ya gari.

"Gari la mzigo na la kutembelea ni yaleyale"

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani ya umbali huo barabara inapanda karibu mita 1,000. Fuso au Noah iliyojaa, gia ya pili, upepo kidogo kwenye rejeta: hapo oili inapata moto wa kweli, na hapo ndipo mnato kwenye nyuzi 150 unapolipa. Kwa mwenye Noah ya petroli anayepanda huko kila wiki na abiria, kutoka 30 kwenda 40 ni uamuzi wa busara, kitabu chake kikiruhusu. Kwa dizeli za mizigo, 15W-40 yenye herufi za API za dizeli, CI-4 au ya baada yake, ndiyo oili ya kazi. Wenye malori makubwa wanalijua hilo siku nyingi. Ajabu ni kwamba IST inayokwenda sokoni na kurudi huwekewa oili nzito kuliko malori hayo.

"Presha ikiwa juu, injini imelindwa"

Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile kwa kila mzunguko. Oili ikiwa nzito inakataa kupita, na kukataa huko ndiko geji inakokuonyesha kama presha. Ikizidi, valvu ya usalama inafunguka na sehemu ya oili inarudishwa kwenye sampu bila kufika popote. Kwa hiyo presha kubwa alfajiri inaweza kuwa na maana kwamba tapeti za mwisho bado zina kiu. Kinacholinda metali ni oili inayopita, ikipoza na kuosha.

Magari mengi madogo hayana geji hata hivyo, yana taa nyekundu tu, na taa hiyo huzimika kwa presha ndogo sana. Ikianza kumetameta injini ikiwa ya moto na imetulia kwenye sailensa, hiyo ni dalili nzito: chomoa stiki uangalie kiasi, kisha fundi afunge geji ya kweli apime. Kumwaga hamsini ili taa izimike ni kuifunika dalili. Metali iliyolika inaendelea kulika, na siku injini ikinoki, dereva atashangaa kwa kuwa taa ilikuwa imetulia.

"Toa themostati, huku joto"

Dai hili silisamehe kirahisi, kwa sababu limeharibu injini nyingi na linahusiana na oili kuliko inavyodhaniwa.

Gari likichemsha, fundi anafungua nyumba ya themostati, anaitoa, anaitupa, na anafunga. Kwa wiki kadhaa geji inabaki chini na mwenye gari anashukuru. Kinachotokea ndani ni hiki. Maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa sana kufika joto lake, na katika safari fupi za mjini haifiki kabisa. Kompyuta ya gari inasoma kihisi cha joto, inaona injini bado baridi, na inaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Petroli hiyo ya ziada haiungui yote. Nyingine inapita kando ya ringi, inashuka kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Na hakuna kinachoipunguza oili mnato haraka kuliko petroli. Yaani mtu ameweka 20W-50 kwa kuogopa wepesi, kisha akafungua bomba la petroli ndani ya oili hiyohiyo.

Mvuke nao hauna pa kutokea. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa maji, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima. Injini inayofika joto lake huyageuza maji hayo kuwa mvuke na kuyatoa. Isiyofika inayabakiza, na matokeo yake ni ule ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili. Mafundi wengi wakiuona ute huo husema gasketi ya silinda hedi imekufa. Inaweza kuwa hivyo, hasa kama maji ya rejeta nayo yanapungua. Lakini kama maji hayapungui, na gari linafanya safari za dakika kumi bila themostati, rudisha themostati kwanza, endesha hadi Muheza na kurudi, ndipo uangalie tena.

Zaidi ya hayo, kwenye baadhi ya injini themostati hufunga pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya bloku bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo. Kwenye mlima gari hilo linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo.

Sababu ya kuchemsha huwa kwingine: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko cha rejeta kilichochoka springi, pampu ya maji inayovuja. Na chanzo cha nyingi ya hizo ni maji tunayotia. Tanga imekaa juu ya chokaa, ndiyo maana pana mapango Amboni na kiwanda cha saruji Pongwe. Maji ya visima vya huku huacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na huacha ukoko huohuo kwenye mirija ya rejeta. Kulanti iliyochanganywa kwa maji yaliyosafishwa inagharimu pesa, lakini ndiyo dawa ya joto la injini. Namba ya oili haiwezi kufanya kazi ya rejeta.

"Pikipiki nayo ni injini, oili ya gari inatosha"

Kwenye pikipiki madai mawili yanakutana, moja sahihi na jingine la hatari.

Lililo sahihi ni la joto. Boxer na nyingi za aina yake hupozwa kwa hewa. Hazina maji, hazina themostati, zina mapezi ya chuma tu yanayosubiri upepo. Bodaboda anayemsubiri abiria injini ikiunguruma saa nane mchana, au anayepita mchangani na watu wawili nyuma, ana injini ambayo joto la nje linaifikia moja kwa moja. Hapa 20W-50 iliyoandikwa kwenye kitabu cha Boxer ina sababu, na mafundi wa vijiweni wako sahihi kabisa. Ila wasiifanye sheria ya kila pikipiki: Honda huagiza 10W-30 kwa nyingi za pikipiki zake ndogo, na imezifanyia majaribio kwa oili hiyo.

La hatari ni kudhani oili yoyote yenye namba 20W-50 inafaa. Kwenye pikipiki, klachi na gia zinaogelea ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari, hasa nyepesi za kubana mafuta, zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikiteleza, pikipiki inanguruma bila kwenda, na sahani za klachi zinaungua. Ndiyo sababu Wajapani waliweka kiwango cha JASO, chenye herufi MA au MA2 kwa pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Herufi hizo zitafutwe nyuma ya chupa kabla ya namba.

Na muda ni mfupi kuliko watu wanavyopenda. Injini ya pikipiki ina lita moja hivi ya oili, na gia zinaisaga kama zilivyoisaga ile ya Mini. Hamsini ya leo si hamsini tena baada ya kazi hiyo. Bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 kwa siku 20. Akisubiri miezi miwili, namba iliyokuwa kwenye chupa haina maana tena.

"Injini imechoka, inakula oili, iwekee nzito"

Kwa injini iliyolika ringi na metali, kupanda daraja moja hupunguza ulaji na kelele, na kwa mtu anayejikusanyia pesa za kushusha injini si dhambi. Lakini ijulikane kwanza oili inakwenda wapi. Moshi wa bluu asubuhi gari likiwashwa, kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu. Tone chini ya gari ni gasketi au sili ya krenki. Na injini za 1ZZ-FE za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizomo kwenye Premio na Allion nyingi, hula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi. Oili nzito haizibui matundu.

"Oili ikiwa nyeusi imekufa"

Oili nzuri ina sabuni ndani yake, na kazi ya sabuni ni kuubeba uchafu usigande. Kwenye dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku moja. Ya kuogopa ni ile inayobaki safi mwezi mzima huku ukoko ukijijenga chini ya kava la tapeti. Kuisugua vidoleni nako hakukuambii mnato wake kwenye nyuzi 100, kwa sababu vidole vyako haviko kwenye nyuzi 100.

"SAE 40 ya kupima inatosha, oili ni oili"

Oili ya namba moja, SAE 40, inayopimwa kwa lita kutoka kwenye pipa, ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa joto la pwani mnato wake si tatizo kubwa kwa injini za zamani. Tatizo ni herufi. API, taasisi ya petroli ya Marekani, hupanga ubora wa oili za petroli kwa herufi zinazoanza na S. Daraja la SF lilikuwa la injini za hadi mwaka 1988. IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, wakati kiwango kilikuwa kimefika SL. Baadaye ikaja SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Oili nyingi za pipa hubaki kwenye herufi za zamani, zenye sabuni kidogo na kinga kidogo ya ukoko, au hazina herufi yoyote unayoweza kuiona. Mtu anayebishana kuhusu 30 na 50 huku akinunua oili isiyo na herufi amebishana juu ya kitu kidogo na kuacha kikubwa.

Baya zaidi ni oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye chupa yenye jina kubwa. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, tazama kizibo na karatasi chini yake, na chupa ikiisha itoboe kabla hujaitupa, isije ikajazwa tena. Oili uliyomwaga inafaa kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Isiende kwenye mtaro.

Kwa mwenye IST, Raum au Probox yenye 1NZ-FE, hesabu ni nyepesi. Kifuniko cha oili juu ya injini mara nyingi kimeandikwa namba yenyewe. 5W-30 au 10W-30 ya SL kwenda juu inatosha kwa kazi za mjini, hata Machi. Injini hiyo inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inabakiza kidogo. Kibakie kwenye buti, kimefungwa vizuri, na stiki ichomolewe kila wiki asubuhi kabla ya kuwasha. Ikishuka, ongeza hichohicho.